Jina Lililofutwa Mara Tatu

Siku niliyoanza kazi ya uafisa elimu wa sekta, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, sikupewa meza. Katibu mtendaji, yaani mkuu wa ofisi ya sekta, ambaye huku kwetu kila mtu humwita gitifu, alinikabidhi faili la kijani, kalamu mbili na jozi ya buti za mpira, kisha akaniambia nisikae.

"Bon, Mwalimu," alisema, "kazi yako haiko hapa mu biro. Iko kule inje. Mutoto yote mwenye miaka ya masomo akuwe mu masomo. Ukimukuta mu njia saa ya masomo, unauliza ni wa nani, unaandika. Wazazi batajibu."

"Na wakisema hawana uwezo?"

"Masomo ni bure. Nani atasema hana uwezo wa kitu ya bure?"

Nilicheka kidogo, kwa adabu, kwa kuwa yeye alicheka. Kisha nikavaa buti nikateremka kuelekea Petite Barrière, kivuko cha mpakani wanakopita waendao Goma kwa miguu.

Nilikuwa nimeshika chaki miaka mingi kabla ya siku ile. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, nikasomea ualimu huko huko, na tuliporudi nyumbani nikafundisha hapa Gisenyi, Rwanda, hadi nywele zilipoanza kuota mvi. Watu wa mjini walipenda kunisikiliza nikiongea Kiswahili. Walisema naongea kama redio. Wao wengi walikuwa wamekulia ng'ambo ya mpaka, Goma na Masisi huko Kongo, na Kiswahili chao kilikuwa chepesi, chenye Kifaransa ndani. Tulielewana. Lakini nadhani kule kuongea kama redio kulinisaidia katika kazi yangu mpya, maana mtu akiniona na faili halafu akanisikia, alijua moja kwa moja kwamba mbele yake imesimama serikali.

Asubuhi ile mpakani nilijifunza mambo mawili. La kwanza, mtoto mtoro hajifichi. Anatembea katikati ya wakubwa, amebeba beseni la nyanya au kuku wawili waliofungwa miguu, na macho yake hayakwepi. Anayekwepa ni mzazi wake. La pili, ukiuliza kwa ukali hupati kitu, lakini ukisaidia kushusha mzigo unaambiwa jina, darasa aliloachia na nyumba anamoishi. Siku hiyo ya kwanza niliandika majina kumi na moja. Gitifu aliyasoma akanigonga begani.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna mfumo wa kompyuta, na mtoto akiandikishwa shuleni jina lake linaonekana hadi Kigali. Sisi tulikuwa na madaftari. Lilikuwapo daftari la uandikishaji, ambamo mwalimu mkuu huandika kila mtoto anayeingia darasa la kwanza: jina lake, la wazazi, na anakotoka. Lilikuwapo daftari la mahudhurio, linaloitwa kila asubuhi darasani. La tatu lilikuwa langu mwenyewe, la watoro. Kila mwanzo wa mwaka nilizunguka shule zote za sekta kufanya ukaguzi. Nilipewa kiti ofisini kwa mwalimu mkuu, nikaletewa daftari la uandikishaji, nikahesabu wavulana, nikahesabu wasichana, nikajumlisha. Jumla yangu ikilingana na yake, nilitia sahihi chini ya ukurasa na kuandika: Imekaguliwa. Shule moja ilinichukua saa moja, nyingine dakika ishirini. Sahihi yangu ilikuwa nzuri, nina sababu ya kusema hivyo. Niliifanyia mazoezi tangu chuo cha ualimu.

Sheria yenyewe nilikuwa naifahamu vizuri na niliieleza katika mikutano mingi. Inasema elimu ya msingi ni bure, na ni lazima. Kichwani mwangu nilikuwa nimeyagawa maneno hayo mawili. Bure lilikuwa la serikali: serikali imejenga madarasa, imeajiri walimu, imetoa vitabu. Lazima lilikuwa la mzazi: amlete mtoto. Sikumbuki nani alinifundisha mgawo huo. Nakumbuka tu kwamba kwa miaka minne hakuna aliyenisahihisha, na kwamba mkurugenzi wa elimu wa wilaya, mama mmoja aliyerudi kutoka Uganda na aliyependa kazi iende mbio, alinitaja mbele ya maofisa wenzangu wote. "Please, mfanye kama Mwalimu Anastazi," alisema. "Yeye analeta watoto. Halafu analeta namba."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamweleza mke wangu maneno hayo mara mbili.

Ilikuwa katika mwaka wangu wa tano nilipopata habari za mtoto aliyefungiwa ndani. Aliyenipa ni mkuu wa mudugudu. Mudugudu ni ngazi ya mwisho kabisa ya utawala, nyumba mia na kitu hivi, na mkuu wake ni mtu wa hapo hapo, hana mshahara. Huyu alikuwa fundi baiskeli. Alinijia ofisini akiwa na grisi mikononi.

"Mwalimu, kuna mwanamke wa kwangu anafunga mutoto mu nyumba na kufuli. Kila siku. Anaenda kuuza kule barrière, mutoto anabaki ndani mpaka saa saba."

"Mtoto wa miaka mingapi?"

"Kumi hivi. Mukobwa," alisema, yaani msichana. "Ni kiziwi. Bamoja banasema hana akili."

Kitongoji chenyewe sitakitaja, wala shule yake, maana waliokuwa pale wengi bado wapo. Tulikwenda pamoja asubuhi ya siku iliyofuata. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ukutani udongo, chini mawe meusi ya volkano, imepakana kabisa na njia waendayo watoto shuleni. Kufuli lilikuwa nje, kubwa kuliko mlango wenyewe ulivyostahili. Tulibisha. Nilipomaliza kubisha nilikumbuka nilichoambiwa kuhusu mtoto, nikaona aibu.

Mtu alikuwa amemwarifu mama kwa simu. Alifika akihema, beseni bado lina nyanya nusu, kitenge kimemlegea kiunoni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na wote walimwita Mama Espérance, kwa jina la binti yake. Hakunisalimia. Alifungua kufuli.

Binti alikuwa amesimama nyuma tu ya mlango, kana kwamba alijua tupo. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa vizuri, gauni lake limefuliwa, na juu ya meza palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kuona uchafu na njaa. Nilitafuta, sikuviona. Mtoto alimtazama mama yake usoni, kisha akanitazama mimi, kisha faili.

"Mama Espérance," nilianza, kwa sauti yangu ile ya redio, "unajua kwamba sheria inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule?"

"Najua."

"Na unajua kumfungia mtoto ndani ni kosa?"

"Njia iko na mapikipiki. Hasikie pikipiki. Mwaka ule ingine moja ilimugonga ku mguu." Alishika mguu wa binti akanionyesha kovu. "Mi ningefanya nini? Nimubebe ku mugongo na nyanya?"

"Ungempeleka shule."

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonisumbua baadaye. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuamua iwapo inafaa kupoteza maneno.

"Nenda muangalie mu daftari yenu," alisema. "Iko mule."

Nilidhani anajitetea kama wazazi wengine. Nikamwandikia wito: afike Jumamosi mbele ya mkutano wa wananchi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ajieleze mbele ya gitifu na atozwe faini. Aliikunja karatasi hadi ikawa ndogo, akaiweka chini ya beseni. Tulipoondoka niliwasikia nyuma yangu wakicheka kidogo, mama na binti, kwa jambo fulani walilooneshana kwa mikono. Hilo nalo nililiandika kichwani kama kosa.

Siku mbili zilipita, na yale maneno ya mwisho hayakuniacha. Wazazi hudanganya kwa namna wanayoizoea: mtoto anaumwa, mtoto amekwenda kwa bibi yake, sare imeibwa. Sikuwahi kusikia mzazi akiniambia nikasome daftari. Siku ya Alhamisi niliingia shuleni nikamwomba mwalimu mkuu anifungulie kabati la madaftari ya zamani.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, anayefunika madaftari yake kwa plastiki. Aliniletea matatu. Nililifungua la miaka mitatu nyuma na kupitia majina kwa kidole. Nilimkuta namba arobaini na sita. Espérance, jina la baba halikujazwa, jina la mama limejazwa. Juu yake umepigwa mstari wa wino mwekundu, umenyooka, umepigwa kwa rula. Pembeni hapakuandikwa chochote.

Nikafungua la mwaka uliofuata. Namba kumi na tisa. Mstari mwekundu. La tatu: namba sitini na moja. Mstari mwekundu.

Mama alikuwa ameleta mtoto mara tatu. Alipokuwa na miaka saba, minane na tisa.

"Mwalimu mkuu," nilisema, "huyu ni nani?"

Alivaa miwani, ingawa nadhani hakuihitaji. "Huyo ni yule bubu. Mama yake alimleta. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto sabini na wawili, Mwalimu, na mwalimu mmoja. Hasikii, hasemi. Ningemweka wapi? Nilimwambia mama amtafutie shule ya wenzake."

"Iko wapi shule hiyo?"

"Sijui. Wilaya nyingine, nasikia. Ni ya kulala."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilimwambia vile vile."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Akavua miwani. Hakusema kwa ubaya, na mpaka leo simshitaki kwa maneno yale, kwa kuwa yalikuwa kweli. "Uliniuliza? Ulikuwa unaniuliza jumla, nikawa nakupa jumla. Na jumla ilikuwa sahihi. Angalia."

Niliangalia. Chini ya kila ukurasa palikuwa na wavulana, wasichana, jumla. Wale waliokatwa hawakuhesabiwa, hivyo hesabu ililingana. Na chini ya hesabu palikuwa na neno Imekaguliwa, na sahihi yangu, ile nzuri, mara tatu. Mwaka ule wa pili mkia wa sahihi umepanda juu hadi umegusa ule mstari mwekundu.

Vijana, nimeingia vitani? Hapana. Lakini nimezika watu, nimekulia ukimbizini, nimerudi kwenye nchi niliyoisikia tu kwa hadithi za wazazi. Katika yote hayo sikuwahi kujiona mdogo kama juu ya kiti kile cha mgeni, mbele ya madaftari matatu yaliyofunikwa plastiki. Nilikuwa nimemwandikia mama yule wito. Nilikuwa nimemuuliza kama anaijua sheria.

Nilikwenda moja kwa moja kwa gitifu. Alikuwa akipanga makaratasi ya imihigo. Imihigo ni ahadi za kazi ambazo kila kiongozi huziandika na kuzitia sahihi mwanzoni mwa mwaka, kisha timu huja kumpima kwazo. Timu ilikuwa inakuja wiki ile iliyofuata, na katika karatasi zake iliandikwa kwamba sekta yetu haina mtoto hata mmoja aliyekosa nafasi shuleni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

Alifunga mlango.

"Donc, unataka nini?"

"Nataka tufute wito wa yule mama. Na Jumamosi nataka kueleza kilichotokea."

"Kufuta, tunafuta. Hiyo ni karatasi tu. Lakini kueleza?" Alikaa, akashika paji la uso. "Mwalimu, timu inakuja. Utasimama mbele ya batu yote useme serikali ilikosa?"

"Nitasema mimi nilikosa."

"Na we ni nani?" Aliuliza taratibu, kama anayeuliza swali kwa dhati. "Ukienda mu nyumba za batu na faili, unaendaka kama Anastazi? We njo serikali. Ukisema mimi nilikosa, umesema serikali ilikosa. Haiko tofauti."

Jibu la swali lake nimelitafuta miaka mingi, na kila mara nimekuta kwamba alikuwa amesema kweli, ila yeye aliisema ili ninyamaze.

Jumamosi tulizibua mitaro ya maji ya mvua hadi saa tano, kisha watu wakakaa juu ya majani na majembe yao kando. Mkutano huendeshwa kwa Kinyarwanda. Nayaandika hapa kwa Kiswahili jinsi ninavyoyakumbuka. Gitifu alizungumza juu ya usafi, juu ya bima ya afya, juu ya wezi wa kuku. Hakutaja watoro. Niliona anataka kufunga mkutano, na nilimwona Mama Espérance amekaa pembeni, wito mkononi, binti yake amemwegemea. Alikuwa amekuja kuadhibiwa na hakuna aliyemwambia kwamba hatahukumiwa.

Nikanyoosha mkono kama mwananchi yeyote.

Nilisema: Nilimwita mama huyu hapa kwa kosa la kutompeleka mtoto shule. Nimekwenda kusoma daftari. Alimpeleka mara tatu. Mara tatu jina la mtoto wake liliandikwa, mara tatu likafutwa, na mara tatu mimi nilitia sahihi chini yake bila kusoma. Mwenye kosa la kutompa mtoto huyu shule siyo yeye. Ni sisi tuliotumwa na serikali. Kwanza ni mimi.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama chini, wengine walimtazama gitifu waone uso wake utasemaje. Mzee mmoja alikohoa. Fundi baiskeli, mkuu wa mudugudu, alikuwa akipangusa mikono kwenye suruali, akipangusa tu.

Mama Espérance alisimama. Nilidhani atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Yeye aliuliza swali moja, na aliuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa alinielekezea mimi.

"Basi, Jumatatu batamupokea?"

Nikageuka kumtafuta mwalimu mkuu. Alikuwapo, nyuma, ameshika sepetu. Alinyanyua kichwa.

"Tutampokea," alisema.

"Na akirudishwa?" mama akaniuliza.

"Nitakuja mwenyewe nikae naye darasani."

"Mi nitaona," alisema, akaketi.

Jumatatu nilikwenda. Espérance aliandikwa namba sabini na nne. Mwalimu wa darasa lile alikuwa binti mdogo, Madamu Clémentine, mwaka wake wa pili kazini, na alipomwona mtoto anaingia uso wake ulijaa hofu tupu. Aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini: "Sijui nitaanzia wapi." Nikamwambia kwamba hata mimi sijui. Alimweka dawati la mbele, karibu na dirisha. Wiki ya kwanza mtoto alinakili ubao wote, kila kilichoandikwa, pamoja na tarehe na jina la mwalimu, bila kujua maana ya hata neno moja. Nilikaa dawati la nyuma siku tatu, magoti yamenifika kidevuni, nikaona nilichokuwa sijakiona katika miaka minne ya kuhesabu: jinsi watoto sabini na nne wanavyopumua katika chumba kimoja.

Barua ya mkurugenzi wa elimu ilifika kabla ya mwezi uliofuata kuisha. Aliniita wilayani. Alikuwa na ripoti yangu ya watoro mezani, kurasa nne, na pembeni faili la matokeo ya tathmini ya imihigo. Sekta yetu ilikuwa imeshuka.

"Nimesoma," alisema. "Mwalimu, fomu yetu ina safu ya sababu za utoro. Umaskini, ugonjwa, uzembe wa mzazi, kuhama. Wewe umechora safu yako kwa mkono. Shule ilimkataa. Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, Mama Mkurugenzi. Hapakuwa na mahali pa kumwandika."

Aliitazama ile safu niliyoipiga kwa kalamu. Kisha akasema kwamba gitifu ameomba nihamishwe, na kwamba ameridhia. Nitakwenda Nyakiriba, juu vijijini. Nilikubali, ningefanya nini kingine? Nilipofika mlangoni aliniita.

"Yule mwalimu wa darasa, anaitwa nani?"

Nikamtajia. Wakati wa likizo iliyofuata Madamu Clémentine alipelekwa kwenye shule ya viziwi ya wilaya nyingine kujifunza lugha ya alama. Alirudi akiwafundisha watoto wote sabini na nne, kwa kuwa, alisema, mtoto mmoja mwenye lugha peke yake bado yuko peke yake. Mkurugenzi hakuniambia kamwe kwamba ni yeye aliyempeleka. Nadhani kalamu iliyonihamisha ndiyo iliyomtuma yule mwalimu, na yote mawili nayaheshimu.

Nyakiriba nilikaa miaka minane hadi mwisho wa utumishi wangu. Ni nchi ya vitunguu na karoti, mashamba yamepanda mlima hadi yanaingia ukunguni, na msimu wa kuvuna darasa hubaki nusu. Huko sikuanza tena na swali langu la zamani. Nikifika kwenye nyumba yenye mtoto asiyesoma, niliuliza kwanza: Je, mliwahi kumpeleka? Nani aliwarudisha? Alisemaje? Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, hatukumpeleka, na basi tukaongea juu ya wajibu wao, na wengine niliwafikisha mbele ya mkutano bila huruma, maana wapo wazazi wanaomfanya mtoto jembe. Lakini si wote. Nilikuta mvulana aliyerudishwa kwa sababu hatembei na darasa lilikuwa juu ya ngazi kumi na nane. Nilikuta msichana aliyejifungua, akaambiwa arudi mtoto akikua. Nilikuta ndugu wawili ambao hakuna aliyewakataa kwa mdomo, ila kila walipokuja bila sare walisimamishwa juani hadi wakajirudisha wenyewe. Ile safu ya mkono niliendelea kuichora. Mwaka wangu wa sita kule fomu mpya zilikuja kutoka juu, na safu hiyo ikawa imechapwa. Sijui kama ilitokana na mimi. Pengine maofisa wengi walikuwa wakiichora, kila mmoja peke yake, bila kujuana.

Ukaguzi wa madaftari ulianza kunichukua siku nzima kwa shule moja. Walimu wakuu walinung'unika. Nilisoma majina yaliyokatwa kwanza, kisha yaliyobaki.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini na mitano. Walinipa mbuzi na saa ya ukutani, wakasema maneno mazuri, na mkurugenzi mpya, kijana wa kiume ambaye hakunifahamu, alisoma kwamba nimerudisha watoto wengi shuleni. Nilishukuru. Mnaponitembelea sasa, ninyi maofisa vijana, mnaniuliza siri ya kazi hii, na mara nyingi nawakatisha tamaa, maana sina siri. Nawaambia tu kwamba serikali haina mikono ya kwake. Ina ya kwenu. Mtoto akikosa shule katika eneo lako, usianze kutafuta mwenye kosa ukiwa umetazama nje ya dirisha. Na nawaambia kwamba faini ya mzazi ina kiasi chake katika kanuni, lakini kwa miaka mitatu aliyoipoteza mtoto mlangoni mwetu hakuna kanuni niliyowahi kuiona.

Espérance alimaliza shule ya msingi akiwa na miaka kumi na saba, mkubwa kuliko wote darasani. Kisha akasomea ushonaji. Leo ana chumba chake cha kazi katika mtaa wa Mbugangari, cherehani mbili, na mama yake, ambaye magoti yamemkataza kuvuka mpaka na beseni, hukaa mlangoni akichambua maharage na kupokea wateja. Binti yangu wa mwisho alipokaribia kuolewa, nilipeleka kitambaa cha suti yangu kwake. Sikuwa na sababu nyingine, au ndivyo nilivyomwambia mke wangu.

Mama alinitambua kwanza. "Mwalimu," alisema, akasogeza kigoda nipite. Kisha akaendelea na maharage yake.

Espérance ana daftari ambalo wateja huandika wanachotaka, naye hujibu. Alilisukuma mbele yangu. Niliandika: suti, harusi, tarehe. Aliandika bei na siku ya kujaribu. Kisha akanitazama, akageuza ukurasa, akaandika kwa Kinyarwanda, mwandiko mdogo ulionyooka:

Nakufahamu. Ulikuja siku ile ya kufuli.

Niliandika: Ndiyo. Unakumbuka?

Akaandika muda mrefu, amekunja uso, huku mama yake akitutazama kwa pembe ya jicho. Aliponigeuzia nikasoma:

Nakumbuka mlango. Nilikuwa naweka kiganja juu ya ubao. Mtu akipita, ubao unatetemeka kidogo, najua amepita. Asubuhi walikuwa wanapita watoto wengi. Halafu mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nasubiri mmoja asimame.

Nilishika kalamu yake. Njia ile ilikuwa njia yangu. Katika miaka yote mitatu niliipita karibu kila wiki, nikienda shuleni na faili langu. Mkono wangu ulikuwa mzito kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na nilichoandika kilikuwa sentensi moja:

Mimi pia nilikuwa napita.

Alisoma. Alibaki ameinamia yale maneno, nikasubiri aniandikie jambo, lolote. Kisha akafunga daftari, akachukua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaja mbele yangu, na kwa mikono miwili akanionyesha nisimame wima. Akaanza na mabega.